Chakula cha Mjusi wa Ardith

Mjusi alikataa kula tena. Verl Tippets alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, panzi kambana kwenye kibano, miguu ya panzi ikirusharusha, na mjusi akawa anamtazama kama mtu anavyomtazama mchuuzi asiyejua kuondoka mlangoni.

"Haya, Mabel. Mmoja tu. Mbona kwa Ardith ulikuwa unakula mpaka unashindwa kutembea?"

Mabel akafumba jicho. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake tangu aamke. Verl akamtupia panzi kwenye mchanga, akainuka kwa kushikilia meza, magoti yakalia. Panzi akaruka akakaa juu ya kichwa cha mjusi, akajisafisha miguu, wala hakuna aliyemsumbua.

Huko kwao Ruddock, kwenye jangwa la Nevada, mijusi chui si kitu cha ajabu. Wanaota jua juu ya mawe wakiwa na madoa yao ya kahawia, gari likikaribia wanainuka na kutimka kwa miguu ya nyuma kama watu. Watoto huwakamata, wakawafuga siku chache kwenye ndoo, wakawaachia au wakawasahau. Mtu mzima hafugi mjusi. Lakini Ardith, mke wa Verl, alikuwa na mambo yake. Alimwokota huyu kwenye barabara ya mgodini, mguu wa nyuma umevunjika, akamfunga kijiti cha kiberiti na uzi, akamleta kwenye trela ndani ya kofia. Mguu ulipona kombo. Kukimbia tena basi. Ardith akasema ndiyo hivyo, huyu ni wetu.

Tangu hapo mjusi akawa ndiye mwenye nyumba. Kila asubuhi Ardith alikuwa akitoka uani na kopo la kahawa kukamata panzi, anawavunja ile miguu mikubwa yenye miiba isije ikamkwaruza mjusi koo, kisha anamlisha mmoja mmoja huku anamsimulia habari za mji. Na Mabel alikuwa anakula kwa mkono ule. Anakuja mbio, anachechemea, anafungua mdomo kabla hajafikiwa. Verl alikuwa akiwacheka kutoka kwenye kochi.

Baridi ikifika, mjusi chui huzama mchangani akalala hadi joto lirudi. Mabel naye alilala kwenye sanduku lake chini ya kitanda, kama miaka yote, na Januari, yeye akiwa usingizini, Ardith akaanza kubanwa kifua.

Hapo zamani Ruddock palikuwa na zahanati. Kaunti iliifunga, ikasema watu wamekuwa wachache haina maana kuiendesha. Waliosema hivyo wanaishi kwenye mji mkubwa ambako hospitali iko nyuma ya nyumba zao. Verl akapiga simu, wakamwambia ambulensi inatoka, lakini theluji imefunga barabara, subiri. Greda la theluji lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi ya kaunti palepale Ruddock, unaliona kutoka dirishani, rangi ya chungwa, halina dereva kwa sababu dereva alipunguzwa kazi. Verl alimsugua mkewe miguu na kumwambia wanakuja, wanakuja. Walipokuja ilikuwa kumchukua tu.

Mabel hakujua. Alitoka mchangani majira ya joto yalipoanza, akajinyoosha chini ya taa yake, akafungua mdomo, na mkono uliomjia haukuwa ule.

Verl alijaribu kila kitu. Panzi wa uani, funza wa kuvulia samaki, mende, nondo wa taani. Alijaribu hata kujipaka mafuta ya mikono ya Ardith, akaona haya, akanawa. Mjusi akanywa matone ya maji na basi. Sasa shina la mkia, pale mijusi wanapoweka akiba yao ya mafuta, lilikuwa limenywea kama soksi tupu. Verl alikuwa anajua maana yake. Majira yakipita hivi hataamka tena, au hata hiyo baridi yenyewe hataiona. Na hakuna kingine kilichobaki pale duniani ambacho mkono wa Ardith uliwahi kukilisha, ukimtoa Verl mwenyewe.

"Mwachie aende zake, jirani," alisema mama Nieves, aliyekuwa na nyumba ya chakula upande wa pili wa uzio. Alikuwa mjane kama yeye, wa ukoo wa wachungaji Wabaski kutoka Hispania walioleta kondoo pale zamani, mnene, mwenye sauti ya kuita watu mezani. "Labda anataka nje."

"Na mguu ule? Mwewe atamchukua kabla hajafika kwenye choo chako."

"Basi umlete kwangu nimpikie. Hakuna aliyewahi kukataa mchuzi wangu wa kondoo."

"Mumeo alikataa."

"Mume wangu alikufa, we mzee, hakukataa." Akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Na wewe unakula?"

Verl akarudi ndani.

*

Wakati huo habari za nyenje zilikuwa zimeshafika. Wale nyenje wakubwa wekundu, wanene kama kidole gumba, wasio na mbawa za kurukia, ambao miaka mingine hutoka milimani kwa majeshi na kutembea tu, mbele kwa mbele, wakila bustani, majani ya ng'ombe, rangi ya ukuta, na wao kwa wao. Wachunga ng'ombe walikuwa wamewaona nyuma ya kilima. Kaunti ikaita mkutano kwenye ukumbi wa shule.

Verl alikwenda. Si kwa sababu ya nyenje. Alikwenda kuwaona sura zao.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa tai nyembamba na sauti ya taratibu. Alieleza kwamba suala hili wanalifanyia kazi, kwamba dawa ipo ila taratibu zipo pia, kwamba ingefaa kamati ikae kwanza. Pembeni yake alikaa Dwayne Kimber, mtu wa wadudu wa kaunti, kijana mzaliwa wa pale pale, amefunga mikono.

Verl akasimama. Hakuwa amepanga.

"Kamati," alisema. "Nyie kila kitu kamati. Zahanati mliifunga kwa kamati. Dereva wa greda mlimfukuza kwa kamati. Mimi sikusoma sana, nimechimba dhahabu miaka yote nikiwa shimoni nyie mko kwenye viti, lakini najua kitu kimoja. Mke wangu alikufa anasikiliza kama gari linakuja. Ardith Tippets. Mnamkumbuka? Alikuwa anawaokea keki wakati wa kura. Sasa wadudu wanakuja na mnataka kukaa. Kaeni! Kaeni mpaka wawale matako!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mama Nieves akapiga filimbi kwa vidole.

"Tutamwaga dawa," mwenyekiti akasema, uso umemwiva. "Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Mungu anapenda kila siku. Ni nyie ndio hampendi."

Alitoka kabla mkutano haujafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akalala usingizi wa kweli.

*

Nyenje wakafika wakati watu wanakunywa kahawa. Kwanza sauti, kama mvua ndogo kwenye majani makavu. Kisha barabara ikabadilika rangi, nyekundu ya kutembea. Wakapanda kuta, wakaingia viatuni, wakajaa kwenye mabomba. Magari yakawakanyaga, wakawa utelezi, na wenzao wakaja kuwala waliokanyagwa, nao wakakanyagwa. Harufu yake hakuna sabuni inayoitoa. Watu waliwazoa kwa mabeleshi ya theluji. Mama Nieves, aliyesikia kwamba hawapendi kelele, akatoa spika zake za sherehe akaziweka barazani, akafungulia tarumbeta za kwao asubuhi hadi jioni.

"Wanaondoka?" Verl alimpigia kelele.

"Hawa wanaondoka wapi! Wanacheza!"

Na lile greda, greda lile lile lililokosa dereva Januari, likapata dereva. Likapita polepole mbele ya trela ya Verl likikwangua nyenje barabarani. Verl alisimama mlangoni akalitazama mpaka likapinda kona.

Aliporudi ndani alikuta nyenje mmoja amepenya chini ya mlango na anatembea juu ya meza. Verl akanyanyua mkono amponde. Ndipo akamwona Mabel.

Mabel alikuwa amesimama. Kichwa juu, mkia unachezacheza ncha yake kama wa paka, macho yote mawili kwenye mdudu. Nyenje akatembea kandokando ya kioo, na mjusi naye akachechemea kandokando, hatua kwa hatua.

"Eh," alisema Verl, kwa sauti ndogo sana.

Akamshika nyenje. Akakumbuka, akavunja ile miguu ya nyuma. Mikono yake ilikuwa imezoea mashine za kutoboa miamba, haikuwa mikono ya kazi hiyo, lakini akavunja. Kibano akakiacha. Akaingiza vidole.

Mabel akaruka. Taya zikafunga, ikasikika kama mtu anatafuna biskuti kavu. Akameza kwa kunyoosha shingo, akalamba midomo, akatazama vidole tena. Verl akacheka peke yake chumbani, akacheka mpaka ikabidi akae, na kicheko kikageuka, akakiacha kigeuke.

Baada ya hapo mji mzima ulikuwa unawalaani nyenje isipokuwa yeye. Alitoka kila kukipambazuka na kopo la Ardith. Jangwani asubuhi huwa na baridi hata kiangazi, na wadudu hawachangamki hadi jua liwapige, na hilo lilimfaa mtu wa magoti mabovu. Alichagua wale wazito, waliokaa wameduwaa juu ya mawe, akawaokota kama mtu anayeokota mayai. Wale wa kurukaruka aliwaachia. Akarudi, akawavunja miguu, akaingiza mkono, na Mabel akaja mbio akichechemea, mdomo wazi. Ukapita muda kidogo tu, shina la mkia likaanza kujaa. Mbavuni yakatokea madoa ya rangi ya chungwa, yale ambayo majike hupata wakiwa na afya ya kutaga.

Verl akaanza kumsimulia habari za mji.

"Leo spika moja ya mama Nieves imeungua. Nyenje wamekula waya. Ungemsikia anavyotukana, Kibaski chote kimeisha, akahamia Kihispania."

Akaanza na yeye kula. Maharage, mayai, mkate wa mahindi. Siku moja alipika nyama.

"Jirani!" Mama Nieves alimwita uzioni jioni moja, ametupa kitambaa begani. "Redioni wamesema wanamwaga ile dawa. Kesho alfajiri, kuanzia ng'ambo ya reli."

Verl akacheka. "Nani? Kaunti?"

"Wamesema."

"Redioni hata mimi ningesema. Mama Nieves, umeishi hapa miaka mingapi? Kaunti ikisema kesho, jua mjukuu wako ndiye atakayeiona, tena akiwa na mvi."

"Safari hii uliwachoma, lakini. Labda wameona aibu."

"Aibu waitoe wapi?"

"Mimi nakwambia kilichosemwa. Paka wangu nimemfungia."

"Mfungulie. Utamfungia mpaka azeeke."

Na kweli Verl hakuwa na shaka hata kidogo. Mtu anaweza kukosea kuhusu mvua, kuhusu injini, hata kuhusu mkewe. Lakini kuhusu watu wale alikuwa ameshalipia elimu yake.

Asubuhi akatoka na kopo. Karibu na trela nyenje walikuwa wamepungua, akavuka reli. Kule hakuhitaji hata kuinama sana. Walikuwa wengi, na wazito kuliko siku zote. Wengine walikuwa wamelala ubavu, wanachezesha miguu polepole. Baridi ya leo imewashika kweli, alisema moyoni, na pumzi yake mwenyewe haikuonekana hata kidogo, kulikuwa na joto. Kwenye changarawe palikuwa na pumba za ngano zimetapakaa huku na huku. Akafikiri lori la chakula cha ng'ombe limetoboka gunia. Akajaza kopo.

Mabel alikula kama hajawahi kula. Ardith angesema inatosha. Ardith alikuwa akimpimia, anafunika tangi, anasema tumbo la mjusi si pipa. Lakini Verl alikuwa amemwona akikonda miezi ile yote, akashindwa kusema inatosha. Kila alipofungua mdomo, akampa.

Jua lilipopanda, mkia ukaanza kutetemeka.

Mwanzo alidhani anawinda. Kisha tetemeko likapanda mgongoni, mate yakatoka pembeni mwa mdomo, membamba, yanavutika. Mabel akajaribu kuja kwenye mkono wake na miguu ya mbele ikafunguka upande, akalalia kidevu. Verl akamnyanyua. Akawa anacheza kiganjani kama simu inayoita.

Na hapo hapo, nje, mama Nieves akaanza kupiga kelele za furaha.

"Verl! Njoo uone! Wanakufa! Wamelala kule relini chali kama walevi wa Jumamosi! Dawa imefanya kazi, jirani, dawa imefanya kazi!"

Verl alisimama katikati ya chumba. Akaangalia kopo. Waliobaki ndani walikuwa wanachezesha miguu polepole, ubavu.

*

Aliendesha gari hadi yadi ya kaunti, mjusi amemfunga kwenye shati, magurudumu yanateleza juu ya nyenje. Dwayne Kimber alikuwa anaosha mashine ya kumwagia dawa, pumba za ngano zilizotiwa sumu zikiwa bado zimeganda mdomoni mwake. Alimwona Verl akatabasamu.

"Mzee Verl! Umeona mambo?"

Verl akafungua shati.

Tabasamu likaondoka. Dwayne akafuta mikono, akainama, akamtazama mjusi muda mrefu. "Umemlisha hao?"

"Nifanye nini? Niambie cha kufanya."

"Wengi?"

"Niambie cha kufanya, Dwayne!"

"Kuna sindano. Lakini ni ya daktari wa mifugo, na daktari ni mwendo wa nusu siku. Na mnyama mdogo hivi... Mzee, hawezi kufika."

"Mlisema wiki ijayo!"

"Ndiyo. Na wiki ijayo ndiyo hii."

"Tangu lini?" Verl alikuwa anapiga kelele sasa. "Tangu lini nyie mkisema kitu mnakifanya? Miaka yote! Zahanati mlisema itafunguliwa tena. Greda mlisema litakuja. Mke wangu mlimwambia subirini! Na leo, leo ndiyo mnatimiza? Leo?"

Dwayne alitazama chini. Alikuwa mtu mwema, au angalau hakuwa mbaya, na hilo halikusaidia.

"Mwenyekiti alitaka kuahirisha," alisema. "Ulivyotoka ukumbini kukawa kimya. Ikapigwa kura. Umeshamtaja Ardith, nani angenyoosha mkono kukataa? Ni wewe uliyeleta hii dawa, mzee Verl. Mji mzima unasema. Nilidhani ungefurahi."

Mabel alikufa wakiwa bado wamesimama pale. Hakukuwa na kitu cha kuona, tetemeko tu likaacha. Verl aliendelea kumshika kwa namna ile ile.

Alimzika nyuma ya trela. Ardhi ya pale ni mwamba mtupu, ikabidi atumie mtaimbo, na hata hivyo shimo halikwenda chini. Akarudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja, akakaa chini kando yake kupumzika.

Nyenje wa kwanza akaja kabla hajapata pumzi. Huyu hakuwa mgonjwa. Alitoka upande wa kilima, ambako dawa haikufika, akatembea moja kwa moja hadi kwenye udongo mbichi, akaugusa kwa vipapasio vyake, akaanza kuchimba. Hawa hawaachi kilichokufa. Verl akamponda. Akaja mwingine, na nyuma yake wengine, wanakuja kwa mstari kama watu wanaokwenda zamu ya kazi. Verl akainuka akachukua beleshi.

Mama Nieves alimkuta hapo jua likiwa limeelekea magharibi, shati limelowa, anapiga, anavuta pumzi, anapiga.

"Unafanya nini, wewe? Watu wamejaa kwangu, wanakuulizia. Wanataka wakunywie glasi ya pongezi, wanasema wewe ndiye uliyetuokoa..." Akaona kile kifusi kidogo. Akaona kopo limetupwa. Kitambaa kikamshuka begani na hakukiokota. "Ah, Verl. Si huyo."

Verl akapiga.

"Ingia ndani, jirani. Jua kali. Ingia nikuletee maji."

"Nikiingia watamfukua."

"Basi tuweke jiwe."

"Nimeweka. Wanapita chini." Akapiga tena. "Wameishia kwenye reli. Wamemwaga nusu, wakaenda kula chakula cha mchana. Upande huu wote hawajaugusa."

"Verl."

"Nenda ukawaambie. Si wako kwako wanakunywa? Mwambie Dwayne, mwambie na mwenyekiti. Waambie hawajamaliza. Waambie Verl Tippets anasema dawa haikutosha, walete nyingine."

Mama Nieves hakwenda. Alitazama kilima, ambako wekundu ule ulikuwa bado unashuka, kisha akavua kiatu chake kimoja, akakishika kisigino, akainama upande wa pili wa kaburi.